Mwanya au Pengo? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Nusukipitishi

Katika maandishi ya fizikia ya yabisi imo sentensi moja ambayo mfasiri hukutana nayo mapema na kuipita upesi, kwa kuwa haina neno linaloonekana gumu. Yasema kwamba hesabu zifanywazo kwa nadharia ya msongamano wa elektroni hukadiria pengo la nishati la nusukipitishi chini ya kiasi chake; au, kwa Kiswahili chepesi zaidi, kwamba nadharia hiyo hulipunja pengo. Sentensi hii ndiyo tunayokusudia kuihakiki. Maneno yake makuu ni matatu, 'nadharia', 'kupunja' na 'pengo', na kwa maoni yetu hakuna hata moja lililokaa mahali pake. Kosa halikuanzia kwetu. Limo katika lugha tunazotafsiri kutoka kwazo. Lakini Kiswahili kina akiba ya kulisahihisha ambayo lugha hizo hazina, na ingekuwa hasara kuiacha akiba hiyo kwa sababu tu ya haraka ya kumaliza ukurasa.

Tuanze na vitu kabla ya maneno. Elektroni za atomu iliyo peke yake hukaa katika ngazi za nishati zilizo mbalimbali. Atomu zikikusanyika zikafanya yabisi, ngazi hizo huwa nyingi na kukaribiana mno hata zikawa kanda. Katika nusukipitishi ukanda wa chini umejaa elektroni, ukanda wa juu u mtupu, na baina yao hapana ngazi hata moja ambayo elektroni yaweza kuikalia. Upana wa eneo hilo lisilo na ngazi hupimwa kwa elektroni-volti. Silikoni ina 1.12 katika joto la kawaida. Almasi ina takribani 5.5, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa kihami. Kiasi hiki ndicho kiamuacho maada itafyonza mwanga upi, na kama itafaa kutengenezea sola, taa, au kioo cha kupitisha umeme.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mahali. Nyakasimbi ni kata ya Karagwe, mkoani Kagera, jirani na Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, nyumba huezekwa kwa bati, na si ajabu kuona kipande cha sola juu ya bati hilo. Huko Kyerwa nako huchimbwa madini ya bati, kazi iliyoanza wakati wa utawala wa Waingereza. Basi mtu wa Nyakasimbi ana bati mbili katika lugha yake, na wala hazihusiani. Bati la paa ni bamba la chuma lililopakwa zinki. Bati la Kyerwa hutoka katika kasiteriti, jiwe zito la rangi ya kahawia au nyeusi ambalo kikemia ni oksaidi ya bati. Mwenyeji hababaiki, kwa kuwa vitu vyote viwili anaviona kwa macho. Anayeweza kubabaika ni karani aliye mbali, mwenye neno peke yake mbele yake.

Imetokea pia kwamba vitu hivi vinaingia vyote katika somo letu. Silikoni ya sola tumekwisha kuitaja. Zinki ikiungana na oksijeni huwa nusukipitishi yenye upana wa takribani 3.4. Oksaidi ya bati, ile ya kasiteriti, ina takribani 3.6. Sasa tazama zile hesabu za kawaida zinavyotoa: silikoni hupewa 0.5 au 0.6, oksaidi ya zinki hupewa takribani 0.8, oksaidi ya bati hupewa 1 hivi, na mara nyingine chini ya hapo. Jerimani, ambayo kipimo chake ni takribani 0.7, huweza kunyimwa chote ikaonekana kana kwamba ni metali. Kadiri hizi si za kubahatisha. Hurudi zile zile kila hesabu irudiwapo, awe aliyeifanya yuko Chicago au Eldoret.

Na tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Mwanga uonekanao kwa jicho huanzia takribani 1.7 hadi 3.1. Maada yenye 3.6 haiwezi kuufyonza, na ndiyo maana oksaidi ya bati iliyo safi hupenya mwanga. Weusi wa jiwe la kasiteriti hutokana na takataka zilizomo, hasa chuma. Kioo kilichopakwa oksaidi hii pamoja na kiasi kidogo cha florini hupitisha mwanga na umeme kwa pamoja, na kwa sababu hiyo hutumika katika aina fulani za sola. Lau kama 1 ingekuwa kweli, kioo hicho kingekuwa giza. Afisa wa serikali aliyepewa taarifa juu ya matumizi ya madini ya bati, akakuta imeandikwa humo 'pengo la nishati: 1.0' bila neno jingine, atafikia uamuzi ambao mchimbaji wa Kyerwa ndiye atakayeulipia. Kwa hiyo twauliza: namba ile ilikuwa ni ya nini?

Neno la kwanza ni 'nadharia'. Mwaka 1964 Hohenberg na Kohn walithibitisha kwamba nishati ya mfumo wa elektroni ulio katika hali yake ya chini kabisa yaweza kupatikana kutokana na msongamano wa elektroni peke yake, yaani kutokana na kujua ni kiasi gani cha elektroni kiko kila mahali, pasipo kufuatilia mwendo wa kila elektroni. Uthibitisho huo ni kamili, haukukisia kitu. Mwaka 1965 Kohn na Sham walitoa njia ya kuutumia, na kwa kazi hiyo Kohn alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998. Linalokosekana ni kanuni yenyewe, ile itakayopokea mtawanyiko mzima wa elektroni na kurudisha namba moja ya nishati. Kanuni kamili ipo, hilo limethibitishwa, lakini sura yake haijulikani, na watafiti hutumia kanuni za makisio. Iliyo nyepesi huchukulia kwamba kila nukta ndani ya yabisi ni sawa na bahari tulivu ya elektroni yenye msongamano ule ule. Zilizofuata, kama ile ya Perdew, Burke na Ernzerhof ya mwaka 1996, huangalia pia jinsi msongamano unavyopanda na kushuka. Kwa hiyo aandikaye kwamba 'nadharia hupunja' amemshitaki mwenye nyumba kwa kosa la mpangaji. Apunjaye, kama yupo, ni kanuni ya makisio. Wafasiri wa sheria hawawezi kukubali kosa la namna hii katika hati. Hatuoni kwa nini wafasiri wa sayansi walikubali.

Neno la pili linadai maelezo marefu zaidi. Kupunja ni kumpa mtu pungufu ya haki yake. Mkulima wa kahawa wa Karagwe analijua neno hili vizuri kuliko sisi: amepeleka kilo hamsini, mizani imesoma arobaini na nane. Ili neno lifae, sharti yawepo mambo mawili. Kwanza, kilichopimwa kiwe ndicho kilichopelekwa. Pili, mizani iwe na kasoro. Sasa ikiwa mizani ni nzima, ila kilichowekwa juu yake ni kahawa iliyokobolewa hali mkulima alileta kahawa ya maganda, hapo hapana kupunja. Pana vitu viwili vilivyoandikwa kwa jina moja katika daftari. Katika jambo letu, sehemu ya upungufu ni ya namna ya kwanza, na sehemu ni ya namna ya pili.

Njia ya Kohn na Sham hufanya hivi. Huziondoa elektroni halisi, ambazo husukumana na kukwepana kwa namna isiyohesabika, na mahali pake huweka elektroni za kubuni zisizosukumana, zinazotembea katika mazingira ya pamoja yaliyotengenezwa ili msongamano wake uwe sawasawa na ule wa elektroni halisi. Elektroni hizi za kubuni zina ngazi zake. Mtafiti hutazama ngazi ya juu kabisa iliyojaa na ngazi ya chini kabisa iliyo tupu, hutoa moja katika nyingine, na kuandika 'pengo'. Lakini kile kinachopimwa maabara kwa jina hilo hilo ni tendo jingine. Maabara huuliza mambo mawili: ni nishati kiasi gani itakayohitajika kuing'oa elektroni moja kutoka katika yabisi, na ni nishati kiasi gani itakayopatikana ikiwa elektroni moja itaongezwa kutoka nje. Tofauti ya kiasi hizo mbili ndiyo jibu. Katika tendo hilo idadi ya elektroni imebadilika, ikapungua moja na ikazidi moja. Katika hesabu ya ngazi idadi haikubadilika.

Fikiria basi litokalo Kayanga kwenda Bukoba. Kondakta ana mchoro wa viti, naye aweza kukuambia kwamba kiti cha mwisho kilichokaliwa ni cha mstari wa nane na kilicho wazi ni cha mstari wa tisa. Mchoro huo ni wa kweli. Lakini abiria halisi akipanda na mkungu wake wa ndizi, watu wote hujivuta, mizigo huhamishwa, na gharama ya kuingia kwake haisomwi katika mchoro wa viti hata kidogo. Mwaka 1983 Perdew na Levy, na kwa upande mwingine Sham na Schlüter, walionyesha kwamba hali ndivyo ilivyo katika yabisi: idadi ya elektroni ikivuka namba kamili kwa moja tu, mazingira ya pamoja ya zile elektroni za kubuni huruka juu kwa kiasi kimoja kila mahali, na mruko huo haumo katika ngazi zilizohesabiwa kabla. La kuzingatia ni kwamba wangepata hata ile kanuni kamili isiyo na makisio, ngazi zake zingetoa kiasi kilichopungua kwa ule mruko. Utafiti wa Godby, Schlüter na Sham uliofuata katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa katika silikoni sehemu kubwa ya upungufu ni ya mruko huo. Mizani, kwa sehemu hiyo, ilikuwa nzima.

Sehemu iliyobaki ndiyo halali ya neno 'kupunja'. Katika kanuni za makisio elektroni hujisukuma yenyewe kwa kiasi fulani, jambo ambalo katika maumbile haliwezekani, kwa kuwa kitu hakiwi jirani ya nafsi yake. Elektroni zilizokaa karibu sana na kiini cha atomu, kama zile za zinki, ndizo ziumizwazo zaidi: ngazi zake husukumwa juu kupita kiasi, nazo husukuma ukingo wa ukanda uliojaa, na upana ukapungua. Kadhalika kanuni hizi hulainisha pembe mahali ambapo pembe ilipaswa kuwapo. Kati ya namba kamili moja ya elektroni na nyingine, nishati hupaswa kwenda kwa mstari ulionyooka na kukunjika ghafula kwenye namba kamili. Makisio hupinda taratibu, na mkunjo hutoweka, na ule mruko hutoweka pamoja nao. Ndiyo maana oksaidi ya zinki hupoteza zaidi ya robo tatu ya upana wake. Hapa mizani ni mbovu kweli, na mwenye kuiita mbovu hakosei.

Tumefika kwenye neno la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Lugha ya asili ya sentensi hii ina neno moja tu kwa nafasi iliyo baina ya vitu viwili. Kiswahili kina maneno mawili, na tofauti yake kila mtoto anaijua. Nafasi baina ya meno ya mbele ambayo mtu amezaliwa nayo huitwa mwanya, na wengi huihesabu kuwa uzuri. Nafasi iliyobaki jino likiisha kung'oka huitwa pengo. Hakuna amwambiaye msichana mwenye mwanya kwamba ana pengo, labda kwa kumtukana. Ndiyo maana pia husemwa kwamba marehemu ameacha pengo. Hatujasikia kamwe kwamba ameacha mwanya. Mwanya ni umbile. Pengo huonyesha kwamba kipo kilichotoka.

Tukishika tofauti hiyo, jambo lililowasumbua wanafizikia kwa muda mrefu hupangika lenyewe. Eneo lisilo na ngazi katika silikoni au kasiteriti ni umbile la maada hizo. Hakuna kilichong'oka humo. Hilo ni mwanya wa nishati. Ile tofauti isomwayo baina ya ngazi za elektroni za kubuni tungeiita pengo la ngazi, na jina hilo laistahili, kwa kuwa kipo kilichotoka: mruko umetoka. Mwalimu anayeandika ubaoni kwamba 'pengo la ngazi huwa dogo kuliko mwanya wa nishati' amesema kweli nusu nzima ya jambo bila kumsingizia mtu. Akitaka nusu ya pili, ataongeza kwamba 'kanuni za makisio hupunja pengo lenyewe pia'. Sentensi mbili fupi zimekaa mahali pa ile moja iliyochanganya.

Twajua kwamba kuna la kupinga, tena si dogo. La kwanza ni kwamba 'mwanya' hutumiwa pia kwa maana ya nafasi ya kupenya au fursa: mtu hupata mwanya akaponyoka. Elektroni nayo haipenyi hapo. Hilo ndilo eneo ambamo haiwezi kukaa. Pingamizi hili lina uzito, nasi hatutalifunika. Hata hivyo mwizi hupitia penye pengo la ua vile vile, wala hakuna neno la Kiswahili la nafasi lisilokaribisha mpitaji. Neno lolote litakalochaguliwa, mwalimu hana budi kusema mara moja, mwanzoni, kwamba hapo hapana ngazi. La pili ni kwamba mwanya kwa kawaida ni mdogo, na huenda mtu akacheka akisikia almasi ina mwanya mpana. Acha acheke, atakumbuka. La tatu, ambalo tunaliogopa zaidi, ni kwamba 'pengo' limekwisha kuzoeleka. Kuzoeleka ni hoja kubwa katika kazi ya istilahi, na hatupendi desturi ya kubadili maneno kila mwaka. Lakini neno likiwa limezoeleka kwa wachache, katika somo ambalo sekondari zetu na vyuo vyetu bado hulifundisha kwa Kiingereza na kulieleza kwa Kiswahili cha mdomo, kulirekebisha hakumgharimu mtu kitu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na toka hapo hesabu za namna hii zimetoka katika maabara za nchi chache zikaingia katika vyuo vyetu. Mwaka 2012 Eldoret ilikuwa mwenyeji wa mafunzo ya Kiafrika ya mbinu hizi, katika mfululizo ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2010, na programu zake, kama Quantum ESPRESSO, hupatikana bure. Vijana wetu wanazifanya hesabu hizi leo. Wanazungumza nini kwa wenzao mezani, na kwa neno gani, ni jambo linalotuhusu.

Mwanya nao una aina, na hapa tungeomba wafasiri wasitosheke mapema. Mwanga ukiipiga maada, elektroni ipandayo huacha tundu nyuma yake, navyo viwili huvutana. Kwa hiyo nishati ambayo mwanga huanza kufyonzwa huwa kwa kawaida pungufu kidogo ya mwanya ule wa kutoa na kuongeza. Kasiteriti huenda kinyume: ulinganifu wa fuwele yake huzuia mwanga usifyonzwe sawasawa penye ukingo wa 3.6, na ufyonzaji wenye nguvu huanza zaidi ya 4. Anayepima kwa mwanga na anayepima kwa kutoa na kuongeza elektroni watarudi na namba mbili, wote wakiwa wakweli. Ya kwanza tungeiita mwanya wa mwanga. Ya pili ibaki mwanya wa nishati.

Kuhusu njia za kusahihisha, tutasema machache. Iko ya Hedin ya mwaka 1965, ambayo huhesabu moja kwa moja nishati ya kutoa na ya kuongeza elektroni, kwa gharama kubwa ya muda wa kompyuta. Hiyo hutafuta mwanya wenyewe. Ziko kanuni mseto, kama ile ya Heyd, Scuseria na Ernzerhof ya mwaka 2003, zinazochanganya robo ya hesabu isiyo na kujisukuma; hizo huifikisha oksaidi ya bati karibu na 3. Na iko ile iitwayo mkasi, ambapo mtafiti huushika ukanda mtupu na kuuinua wote hadi namba ifanane na ya maabara. Jina hilo tafsiri yake haina shida, kwa kuwa mkasi ni mkasi. Shida ni kwamba katika majedwali namba iliyoinuliwa kwa mkasi huandikwa mara nyingine bila alama yoyote, kana kwamba imetoka katika hesabu. Mfasiri wa jedwali la namna hiyo asiandike 'pengo' juu ya safu zote kwa kufuata asili. Kwa oksaidi ya bati safu ya maabara iwe na kichwa 'mwanya wa nishati', 3.6, safu ya kanuni ya makisio iwe 'pengo la ngazi', na namba yake iachwe kama ilivyo, ndogo, na ile ya mkasi, ikiwa imo, iandikwe 'imeinuliwa'.